Ujirani wa Kutoingia

Hotuba kwa familia za Waswahili waliohamia Leicester, Uingereza

Wazee wangu, ndugu zangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma ilhali viti vipo: hamjambo. Waislamu, assalaam alaykum. Wakristo, tumsifu Yesu Kristo. Walionizidi umri nawapa shikamoo, waliobaki wote marahaba.

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya mitaa mnayohamia: Knighton, Evington, Oadby, Wigston. Mitaa ya nyumba za matofali mekundu, bustani mbele na bustani nyuma, ambako ukitoka saa nne asubuhi unaweza kutembea barabara nzima usikutane na mtu. Walioniomba wanajua nimezeekea humo. Nilikuja nchi hii muuguzi kijana kutoka Tanga, nikapanga chumba karibu na hospitali, baadaye mimi na marehemu mume wangu tukahamia kwenye mtaa wa namna hiyo, na mpaka leo niko palepale.

Kila nikikutana na mgeni, lalamiko ni lilelile: "Mama, hawa watu hawana ujirani." Mimi nasema wanao, tena una masharti mengi kuliko wetu. Kwetu jirani mwema ni yule anayeingia. Anapiga hodi, anaingia, anakuta mmekaa kula, ananawa. Hapa jirani mwema ni yule asiyeingia. Anakustahi kwa kukuacha. Nitaitetea kauli hiyo, halafu nitausema vibaya ujirani huo, maana una madhara yake, na wengi wenu mnayaona kila siku kazini.

Tuanze na kimya chenyewe, kwa sababu naona kinawasumbua. Kwetu Tanga mtaa wa kimya ulikuwa Raskazone. Dar es Salaam ulikuwa Oysterbay, Nairobi ulikuwa Muthaiga. Kila mji waliotawala Waingereza ulikuwa na uzunguni wake: majumba yaliyoachana, michongoma iliyokatwa sawasawa, kibao cha mbwa mkali getini. Mtoto wa Ngamiani, kwetu uswahilini, akipita kule alinyamaza na kuharakisha bila kuambiwa na mtu. Tulijifunza tangu wadogo kwamba mahali pa kimya si petu. Leo mtu huyohuyo, au mjukuu wake, anahamia Knighton, anafungua dirisha, hasikii kitu, na moyo unamwambia anachukiwa. Hachukiwi. Hakuna aliyemwona bado.

Halafu mkisikiliza vizuri, si kimya kitupu. Kuna njiwa juu ya paa tangu alfajiri. Kuna lori la taka, ambalo lina siku yake, na usiku wa kuamkia siku hiyo mtaa mzima unasikia mapipa yakiburutwa kwenda barabarani. Jumamosi kuna mashine za kukata nyasi: moja ikianza, ya pili inafuata, na ya tatu, mpaka yule mvivu wa mtaa anaona haya naye anatoa yake. Na Januari kuna mbweha. Hili nawaambia mapema. Huo ni msimu wao wa kupandana, na mbweha jike analia usiku wa manane kwa sauti ambayo mgeni ataapa kwamba kuna mwanamke anauawa bustanini. Wapo waliopiga simu polisi. Angalieni kwanza dirishani.

Jambo jingine ni mwanga. Juni jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, watoto wanagoma kulala kwa sababu nje kweupe. Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Unatoka kazini gizani, mapazia yote yamefungwa, na aliyehamia Novemba anaweza kumaliza majira ya baridi bila kuona uso wa jirani yake wa tatu. Akiandika nyumbani anasema mtaa huu una roho mbaya. Ngojeni Aprili. Siku ya kwanza ya jua watatoka wote, wamepauka, wameshika mikasi ya kupogolea, na watawasalimu kana kwamba mlionana jana.

Sasa kwa nini kuko hivi? Kimya hiki kilijengwa, na kililipiwa. Katika karne ya 19 watu wa miji hii, na Leicester ilikuwa mji wa viwanda vya soksi na viatu, waliishi kwenye safu za nyumba zilizobanana, moshi juu, choo uani cha kuchangia. Mwaka 1898 bwana mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya hati mkato bungeni, Ebenezer Howard, alichapisha kitabu akitaka ijengwe miji yenye bustani, na 1903 wa kwanza ukaanza kujengwa Letchworth. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, askari walikuwa wameahidiwa nyumba zinazofaa. Kamati ya Tudor Walters ilikuwa imependekeza mwaka 1918 kwamba mijini nyumba zisizidi 12 kwa ekari moja, na sheria ya 1919, ile inayoitwa kwa jina la waziri Addison, ikazipa halmashauri msaada wa fedha wa kujenga. Wajenzi binafsi wakafuata. Kati ya vita viwili zikajengwa nyumba kama milioni 4, na nyingi kati ya hizo ni za namna hii mnayoiona: nyumba mbili zimeshikana ukuta mmoja, dirisha la mbele limetokeza nje, kipande cha nyasi, ua wa miti.

Fikirieni aliyehamia humo mara ya kwanza. Amekulia akisikia jirani akikohoa, akigombana na mkewe, akipiga watoto. Amekopa, analipa miaka mingi, ili asisikie. Kwa hiyo kimya cha mtaa huu ni kitu alichonunua pamoja na matofali, na kila aliyekuja baadaye amekinunua vilevile. Ukifungulia muziki na dirisha wazi, kwako unachangamsha mtaa. Kwake umechukua chake.

Ndiyo maana sheria zao za ujirani ni nyingi. Sitazipitia zote. Kelele: tangu sheria ya 1990 halmashauri inaweza kukuandikia amri ya kuacha usumbufu saa yoyote, mchana au usiku, na sheria ya 1996 inaongeza makali kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi, mpaka kuja kuchukua spika zenyewe. Wengi husema "mpaka saa tano ruksa". Si kweli. Ukuta mliochangia nao una sheria yake, ya 1996 pia: kutundika picha hakuna shida, lakini ukitaka kuukata kwa ujenzi unampa jirani taarifa ya maandishi miezi miwili kabla. Ua wa miti isiyopukutisha majani ukizidi mita 2 na kumzibia mwenzio mwanga, anaweza kupeleka malalamiko halmashauri. Na wale mnaoishi kwa kupanga vyumba, mkifika watu 5 au zaidi wa familia tofauti mnaochangia jiko au choo, mwenye nyumba lazima awe na leseni. Muulizeni. Mara nyingi majirani wanaoonekana wanawachukia wanagombana na huyo mwenye nyumba ambaye hawajawahi kumwona, kwa sababu ya mapipa mawili kwa watu wanane.

Kuhusu kuegesha gari niseme kidogo, maana hapo ndipo Mwingereza mpole hugeuka. Kisheria kipande cha barabara mbele ya nyumba yake si chake. Barabara ni ya wote, na kama hakuna alama wala kibali cha wakazi, unaweza kuegesha. Marufuku ni kuziba mahali ukingo wa njia uliposhushwa ili gari liingie ndani. Hiyo ndiyo sheria. Desturi ni kwamba kile kipande ni chake, amekirithi, na atakufa akikitazama dirishani. Mnacheka, lakini fuateni desturi. Sheria mtakuwa nayo, amani hamtakuwa nayo.

Jambo moja liliwahi kunishangaza mimi na linawashangaza nyote: nyumba hazijazungushiwa kuta. Kwetu mwenye uwezo anaanza na ukuta, juu vipande vya chupa au nyaya za umeme, geti la chuma, mlinzi, honi. Hapa bila kibali uzio ulio kando ya barabara hauruhusiwi kuzidi mita 1. Kwingine kwenye kiwanja, mita 2. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuuruka. Basi kinacholinda ni nini? Ni mtu nyuma ya pazia. Mwaka 1982 kijiji cha Mollington, huko Cheshire, kilianzisha kikundi cha kwanza nchini cha majirani kulindana, na sasa mnaona vibao vyao kwenye nguzo za taa. Mtanzania wa umri wangu anacheka akisikia hivyo. Sisi tulikuwa na balozi wa nyumba kumi tangu siku za TANU, na Wakenya nao wakaanza Nyumba Kumi yao mwaka 2013. Ila balozi wetu alifika mpaka jikoni kukuuliza mgeni wako katoka wapi na ataondoka lini. Huyu wa hapa anaandika namba ya gari, anairudisha pazia, ananyamaza.

Sasa nije kwenye msiba. Hapo ndipo tunapoachana nao kabisa, na ningependa tukae hapo kidogo.

Mume wangu alipofariki, watu walikuja kutoka Birmingham, Reading, London. Nyumba ina vyumba vitatu. Viatu vilijaa mlangoni mpaka kwenye nyasi. Kisomo, sufuria zinaingia, watoto wanakimbia ngazi zinazopakana na ngazi za jirani. Kijana wangu aliandika karatasi fupi: tumefiwa, tutakuwa na wageni mpaka Jumapili, tunaomba radhi kwa magari, na namba ya simu. Akaitia kwenye matundu ya barua ya nyumba zote za karibu. Hakuna jirani aliyeingia. Dada zangu waliotoka Tanga walikaa wakihesabu. "Hata pole? Hata yule anayeshiriki nawe ukuta?" Nami nilikuwa sina nguvu ya kueleza. Kadi zikaanza kudondoka mlangoni, bahasha nyeupe, maneno mawili matatu, mtu anasukuma na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa.

Yule mzee wa upande wa pili wa ukuta naye alileta kadi. Halafu, muda mrefu baada ya hapo, mama wa nyumba ya pembeni akaniambia jambo ambalo mzee mwenyewe hakuwahi kulitaja mpaka anakufa. Wiki ile nzima aliliegesha gari lake mtaa wa nyuma, akawa anatembea na fimbo yake kwenda na kurudi, ili wageni wangu wapate nafasi. Nikakumbuka pia televisheni yake. Kwa kawaida tunaisikia ukutani, taarifa ya habari, mashindano ya maswali. Siku zile haikusikika. Alikuwa amekaa matanga na sisi, upande wake.

Siku yake ilipofika, nilijionea namna yao. Hakuna kilio. Mazishi yalikuwa wiki kadhaa baadaye, kama ilivyo kawaida yao. Gari la maiti likaja polepole, na mtu wa kampuni ya mazishi, kavaa koti jeusi na kofia ndefu, akatembea kwa miguu mbele yake mpaka mwisho wa mtaa. Majirani walisimama kila mmoja mlangoni kwake. Hakuna aliyevuka barabara. Lilipopinda kona, milango ikafungwa mmoja mmoja. Mimi nilivuka. Nilikwenda kwa binti yake na sufuria ya pilau, akalia begani kwangu, na nilihisi alikuwa amengoja mtu avuke.

Kwa hiyo msiniambie kwamba kila mila ni sawa na nyingine. Kwenye msiba sisi tumewazidi, nasema wazi. Mtu aliyefiwa hafai kuachwa na kadi. Lakini kama nisingelijua habari ya lile gari, ningeondoka duniani nikiamini mzee yule hakujali. Ni mangapi mengine kama hayo tunapishana nayo? Kwa hiyo mkifiwa, andikeni ile karatasi. Watu hawa hawakasirishwi na msiba, wanakasirishwa na kutojua ni nini kinaendelea. Na wakifiwa wao, nendeni.

Chakula mkipeleka, tafadhali, msipeleke kwenye chombo cha plastiki cha kutupa. Pelekeni kwenye sahani yenu. Sahani lazima irudi, na anayeirudisha atapiga kengele, mtasimama mlangoni dakika tatu, na mara nyingi kutakuwa na keki juu yake. Futari ya Ramadhani ipite njia hiyohiyo, na Krismasi vilevile.

Kuna njia nyingine ndogondogo za namna hiyo, na kubwa kuliko zote ni kifurushi. Hujakuwepo, mleta mizigo anakiacha kwa jirani, anakudondoshea kikaratasi. Usimtume mtoto, nenda mwenyewe. Nawe ukikaa nyumbani mchana pokea vya wengine, utawajua wote kabla ya mwaka kwisha, maana siku hizi mtaa mzima unanunua kwa simu. Desemba utapata kadi imeandikwa "kutoka namba 14", bila jina hata moja. Jibu kwa kadi, weka majina yenu yote, mpaka ya mtoto mchanga. Halafu kuna siku jirani atakuja na ufunguo wa nyumba yake, anasafiri, anaomba umwagilie maua au ulishe paka. Hakukaribishi chai hata mara moja, lakini ufunguo wa nyumba yake anakuachia. Kwake hiyo ndiyo shahada. Chukueni kwa uzito wake.

Tusijione sisi ndio wa kwanza kupita njia hii na Kiswahili mdomoni. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, halmashauri ya mji huu ilitangaza kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije Leicester. Wakaja. Walianzia kwenye nyumba za safu za Belgrave na Highfields, pamoja na waliokuwa wametangulia kutoka Kenya na Tanzania, na baada ya miaka mingi wengi wao au watoto wao wakahamia Oadby na Evington, kwenye hizihizi nyumba zenye dirisha lililotokeza. Nendeni dukani Belgrave Road mseme "shikamoo mzee" kwa mwenye duka mwenye mvi, mwone. Atawauliza habari za Mwanza. Watu hawa walitangazwa gazetini kwamba hawatakiwi, na leo ndio wenye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko za Waingereza. Wengine wao wameanza kulalamika juu ya wapangaji wapya wanaopiga kelele, nami nawasamehe.

Na kule kaskazini mwa London wapo ndugu zetu wa Barawa, wanaozungumza Chimwini, Kiswahili chao cha pwani ya Somalia. Walikuwa na kituo chao Muswell Hill, Coppetts Road, mtaa wa makazi wenye utulivu kama wenu. Usiku wa kuamkia Juni 5, 2013 kiliteketea, na ukutani yakakutwa maandishi ya kundi la chuki. Siwafichi hilo, kwa sababu mtaa wenye miti mizuri hauwi salama kwa ajili ya miti. Lakini mwezi wa Ramadhani ulipoingia mwaka ule, sinagogi ya Finchley, Mayahudi, iliwafungulia milango Wabarawa wakaswali na kufuturu humo. Majirani ambao labda walipishana miaka kwa kutikisa kichwa tu walijikuta wanapanga viatu mlangoni pamoja. Mimi jambo hilo hunifanya nijiulize kwa nini moto ulitangulia. Na mwaka 2024, zilipozuka zile fujo za Agosti dhidi ya wahamiaji na Waislamu katika miji mingi, wapo kati yenu waliopata ujumbe kutoka kwa jirani akiuliza kama wako salama, na wapo waliokaa ndani siku kadhaa bila simu ya mtu. Ukitishwa au ukitukanwa kwa rangi au dini, ripoti: 999 kama hatari ipo mlangoni, 101 kama imepita. Usinyamaze kwa kudhani kwamba kunyamaza ndiyo adabu ya mtaa.

Niliahidi kuusema vibaya ujirani huu, basi. Wengi wenu mnafanya kazi ya kea, ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Mnaingia kwenye nyumba hizi ambazo majirani hawaingii. Mmewaona wazee walio peke yao, televisheni inawaka tangu asubuhi, kalenda ukutani ina jina la daktari na jina lenu. Mnapewa muda mfupi, mnamwosha, mnampa dawa, na yeye anachelewesha kuvaa kwa makusudi ili mkae. Nje ya dirisha lake mtaa umetulia, nyasi zimekatwa, na nyumba ya pili kuna mtu mwema kabisa anayeamini kwamba kumstahi yule bibi ni kutomsumbua. Huo ndio ubaya wake. Adabu ya kutoingia haina njia ya kujua lini mtu anahitaji kupigiwa hodi. Serikali yenyewe iliona. Baada ya tume iliyoitwa kwa jina la Jo Cox, yule mbunge aliyeuawa Juni 2016, Uingereza iliteua mwaka 2018 waziri wa kushughulikia upweke. Waziri mzima. Nilipowaeleza watu wa nyumbani kwa simu walidhani nawatania.

Kisha ikaja korona. Machi 26, 2020, Alhamisi, saa mbili usiku, watu walitoka milangoni kuwapigia makofi wauguzi na madaktari. Nilitoka na sufuria na mwiko. Barabara yetu, ambayo sikuwahi kuiona imejaa, ilikuwa na watu mlango kwa mlango, na kila Alhamisi kwa wiki kumi tukatoka tena. Katika wiki hizo ndipo likaanzishwa kundi la WhatsApp la mtaa, ndipo vikaratasi vikapitishwa kwa wazee kuuliza nani anunuliwe mkate na dawa, na ndipo nilipojua majina ya watu niliokuwa nikiwaita kwa namba za nyumba. Ilihitajika wakatazwe kuonana ndipo wakatoka kuonana. Kundi lipo mpaka leo. Sasa linajadili hasa paka waliopotea na nani kasahau pipa.

Mkitaka kuwaona Waingereza wakizungumza bila kizuizi, ombeni shamba. Sheria ya 1908 inaziagiza halmashauri kutoa viwanja vya kulima kwa wakazi wanaovihitaji, na kiwanja kamili cha jadi ni kama mita za mraba 250. Foleni ni ndefu, andikisheni majina mapema. Sukuma wiki inastawi kuliko kwetu, haijali baridi. Maboga yanakubali, na majani yake wao wanatupa, kwa hiyo mtapewa bure. Mchicha panda baada ya baridi kali kwisha, mwisho wa Mei. Mtu yule ambaye mtaani anatikisa kichwa tu, shambani atakusimamisha nusu saa akueleze konokono. Atakupa miche. Atakuuliza habari za mama yako. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: hawa wameruka zile siku mbili, wanaanza na jembe moja kwa moja, na wanaelewana vizuri zaidi mikono ikiwa na udongo.

Nimalize kwa jambo la kutenda. Tangu 2009 kuna utaratibu ulioanzishwa na Eden Project, kile kituo cha bustani cha Cornwall: mwanzoni mwa Juni majirani wanakula chakula cha mchana pamoja, mara nyingi barabarani. Mtaa unaomba halmashauri iufunge kwa magari siku hiyo. Ombi linapelekwa wiki nyingi kabla, na kama hamuuzi pombe wala hamtozi kiingilio, mambo si mengi. Meza zinatolewa nje, watoto wanapata barabara, na wale wa nyuma ya pazia wanakuja kwa sababu chakula kiko nje na hawalazimiki kuingia kwa mtu.

Mtaa wetu tumekubaliana, isipokuwa nyumba mbili ambazo hazijajibu, na moja kati ya hizo ni ya bwana wa gari jeupe, nitamwendea mwenyewe. Nawaalika mje mwone linavyofanyika kabla hamjaomba la mitaa yenu. Karatasi ya majina iko kwenye meza ya chai. Nahitaji mtu wa mishikaki, mtu wa mandazi, na vijana wanne wenye nguvu za kubeba meza. Nyinyi mliosimama kule nyuma, nimeshawaandika.